Sahani za Zidaka na Habari Zake

Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu, kadiri unavyozidi kwenda ndani ndivyo kuta zinavyozidi kupambwa. Daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na kiwanda, yaani ua, ni vya wageni. Baada yake ni misana, yaani vyumba virefu, kisha chumba kiitwacho ndani, makazi ya mwenye nyumba wa kike, ambamo ukuta wa chokaa umechongwa zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Nyingi ya nyumba hizi ni za karne ya 18, biashara ya visiwani ilipokuwa imenawiri, na desturi ya waungwana ilikuwa baba kumpa binti nyumba anapoolewa; mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo vitu vya zidaka vilishuka kutoka kwa mama hadi kwa binti, na habari zake zikashuka njia hiyo hiyo.

Urithi wa watawala ulikuwa wa hadharani. Siwa, yaani baragumu kubwa, ya Pate, ya pembe ya ndovu, na siwa ya Lamu, ya shaba, zilipulizwa ubavuni katika harusi na sherehe za wakubwa, mji mzima ukisikia. Wageni walizipiga picha, wataalamu wakaziandikia, na leo zimo makumbushoni. Sahani ya bibi haikupata mwandishi. Aliyetaka habari yake alipaswa kukaribishwa ndani, na wengi wa waliokuwa wakiandika historia ya Pwani walikuwa wanaume walioishia dakani.

Sahani yenyewe ina mengi ya kusema. Kauri za kijani za Longquan na zile nyeupe zenye michoro ya buluu za Jingdezhen zilifika Pwani kwa karne kadhaa kupitia Bahari ya Hindi, na vigae vyake huokotwa mpaka leo kwenye magofu. Huko Pate na Siyu zipo familia zinazosimulia kwamba wazee wao walikuwa mabaharia wa China waliovunjikiwa na chombo, wakaogelea mpaka pwani ya Shanga, wakasilimu na kuoa. Watu huyaunganisha masimulizi hayo na safari za baharia mkuu wa China, Zheng He, za mwanzo wa karne ya 15. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton ulionyesha kwamba mji wa Shanga ulianza tangu karne ya 8, na ukahamwa karibu na mwaka 1425. Mji ulikuwepo, basi, karne nyingi kabla ya Zheng He. Hilo haliwafanyi wanaosimulia kuwa waongo. Wao hawasimulii chanzo cha mji. Wanasimulia chanzo cha ukoo.

Sasa igeuze sahani uitazame chini. Mara nyingi, katika ile ambayo familia huiita ya Kichina, utakuta muhuri wa kiwanda cha Maastricht, Uholanzi, kama kile cha Petrus Regout, ambacho katika karne ya 19 kiliuza vyombo vingi Afrika Mashariki. Wako wanaoona muhuri huo wakatabasamu, kana kwamba bibi ameumbuka. Mimi naona kinyume. Sahani huvunjika, na wapo wazee walioamini kwamba ikipasuka yenyewe ukutani imepokea jicho la hasidi lililomlenga bibi harusi au mtoto mchanga. Kidaka hakiachwi kitupu. Sahani mpya ilipoingia ilirithi nafasi ya ile ya kwanza, na pamoja na nafasi ikarithi jina na habari. Bibi hakukosea: alikuwa akieleza kidaka, na kidaka kilikuwa na Uchina ndani yake kabla Maastricht haijajulikana huku.

Kuna habari ambazo sahani hizi hazikupewa. Waliozifuta vumbi walikuwa wajakazi, na hadi 1907, utumwa ulipopigwa marufuku katika pwani ya Kenya, mjakazi hakuwa na kidaka chake. Anayekusanya masimulizi ya nyumba za mawe bila kuwauliza wajukuu wa wajakazi amekusanya nusu, tena nusu iliyo rahisi.

Mama hakumrithisha binti vyombo tu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa. Akamwita bintiye aje na wino na karatasi, akamtungia utendi. Humo anamwambia apokee hirizi, aifunge vizuri kwa uzi. Anamwambia pia kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani king'ae shingoni. Vito hivyo vyote ni maneno. Alijua mwanamke wa Pwani humpa bintiye nini siku ya kuagana, naye akampa hivyo hivyo, kwa beti. Wanawake wa visiwani waliunakili kwa mkono, kwa hati za Kiarabu, miaka mingi kabla haujachapishwa, na hakuna kidani cha dhahabu cha wakati ule kilichowafikia mabinti wengi kiasi hicho.

Turudi kwenye sahani. Sheria ya Kenya ya 2006 kuhusu makumbusho na turathi inazuia vitu vya kale kusafirishwa nje bila kibali. Ni sheria njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini daftari la makumbusho huandika kipimo, rangi na karne. Nataka liandike pia nani alimpa nani, katika harusi ipi, sahani iliyotangulia ilivunjika lini, na nani aliyekuwa akiifuta vumbi. Na anayetumwa kuuliza awe mwanamke ambaye wenye nyumba watamruhusu kupita dakani.