Kutoka Jumba la Michungwa hadi Ua la Usambara

Usiku mmoja wa jalidi unatosha kuua mchungwa mchanga. Maji yaliyomo kwenye majani huganda, barafu huharibu chembehai, na kunapopambazuka jani limelegea na kugeuka jeusi. Kwa hiyo kila aliyetaka mimea ya nchi za joto katika bustani za Ulaya ya kaskazini alilazimika kwanza kuitafutia joto, na joto lilikuwa mali ya wenye nguvu.

Mwaka 1684 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianza kujenga jumba la michungwa huko Versailles, kwa ramani ya Jules Hardouin-Mansart. Lilikamilika mwaka 1686. Ukumbi wake mkuu una urefu wa zaidi ya mita 150, na madirisha yake makubwa yanatazama kusini, linakotokea jua la majira ya baridi. Kuta zake nene hutunza joto la jua hilo.

Kila mti hukaa kwenye kasha la mbao ambalo ubavu wake hufunguliwa, mtunza bustani akapunguza mizizi na kubadilisha udongo bila kuung'oa. Mwezi Mei makasha hutolewa nje. Oktoba hurudishwa ndani. Kazi hiyo ingali inafanyika, kwa makasha zaidi ya 1,000 ya michungwa, milimau, mikomamanga na mitende.

Karne ya 19 ilifungua mlango kwa wengine. Bustani ya Kew, London, ilijenga jumba la mitende la chuma na vioo kati ya 1844 na 1848, likipashwa joto na mabomba ya maji ya moto. Mwaka 1845 Uingereza ilifuta ushuru wa vioo, na mabanda ya vioo yakaanza kuonekana hata kwa watu wa kipato cha kati. Asiye na banda alipanda dahlia kutoka Meksiko: baridi ikiingia, alichimba viazi vyake na kuvihifadhi ndani ya mchanga mkavu hadi msimu mwingine.

Ndipo likafika ua letu, ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa ukoloni wa Kijerumani, alilikuta eneo la Tanga na kulipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani ya Herrenhausen, aliliita Saintpaulia. Lenyewe halikudai jumba la kifalme. Dirisha la chumba chenye joto lilitosha, na leo linachanua Ulaya na Marekani huku theluji ikianguka nje.

Kwao Usambara, ua hilo huota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Miti ikikatwa, jua hulikausha. Ulaya imetumia karne nyingi kujifunza kuyapa maua ya ugenini hifadhi yasiyokuwa nayo. Sisi hatuna cha kujenga: hifadhi ya ua hili ni msitu uliopo, na wajibu wetu ni kuuacha usimame.