Kiegemeo cha bunduki

Kiegemeo cha bunduki ni kitu chochote kinachobeba uzito wa bunduki wakati wa kulenga, ili mikono ya mlengaji ibaki na kazi ya kuongoza tu. Chaweza kuwa panda ya mti, kichuguu, mfuko wa mchanga, fito tatu zilizofungwa pamoja, au baipodi, yaani miguu miwili ya chuma inayokunjwa chini ya ubao wa mbele wa bunduki. Makala hii inaeleza namna ya kukichagua katika mazingira ya kusini mashariki mwa Tanzania: mwambao wa Mtwara na Mikindani, maingilio ya Mto Ruvuma, na mapori yaliyo juu ya mto huo hadi Nanyumbu.

Sababu ya kuegemeza

Aliyesimama na bunduki mkononi hatulii, hata akijiona ametulia. Moyo unapiga, kifua kinapanda na kushuka, na misuli ya mkono wa mbele huanza kutetemeka baada ya muda mfupi tu. Chukulia bunduki ambayo kutoka begani hadi mdomo wa mtutu ni mita 1. Mdomo huo ukihama milimita 1, risasi itakwenda kando sentimita 10 kwa umbali wa mita 100, na sentimita 30 kwa mita 300. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 300, duara la alama 10 lina kipenyo cha sentimita 10. Kwa hiyo milimita hiyo moja, unene wa sindano ya kushonea, inamtoa mlengaji katikati ya shabaha na kumtupa ukingoni mwa alama 5.

Kwenye Ruvuma hesabu hii haiishii kwenye karatasi. Mamba aliyejilaza juu ya fungu la mchanga anaonekana shabaha rahisi: ni mrefu, hatikisiki, na jua linamwangaza. Lakini ubongo wake ni mdogo kuliko bibo, na umekaa nyuma ya macho, ndani ya mfupa. Risasi ikipita kando, mamba hujivuta majini akiwa na jeraha na hapatikani tena, na kijiji kinachochota maji hapo kinabaki na mnyama hatari kuliko wa jana. Askari wanyamapori anayetumwa kumwondoa mamba au kiboko msumbufu hana sababu ya kupiga bila kuegemea. Tembo ni habari nyingine. Huyo hupigwa kwa karibu, na mara nyingi hakuna nafasi ya kutafuta pa kuegemea.  

Historia

Musketi nzito za Ulaya za karne ya 16 zilipigwa zikiwa juu ya mti wenye panda uliochomekwa ardhini, kwa kuwa mkono mtupu haukuziweza. Bunduki zilipopungua uzito, panda iliachwa vitani ikabaki kwa wawindaji. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipeleka magobore mengi bara kubadilishana na pembe za ndovu, na bandari za kusini kama Mikindani zilikuwa na sehemu yake katika biashara hiyo, mpaka Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipoweka vizuizi vya silaha barani Afrika. Gobore ni refu, linachelewa kuwaka, na lina risasi moja tu kabla ya kushindiliwa upya. Mwenye gobore alijifunza mapema kutafuta kichuguu au shina la mti.

Dungu, yaani jukwaa la miti la kulindia shamba, nalo ni kiegemeo, ingawa halikujengwa kwa ajili hiyo. Wakulima wa Lindi na Mtwara hulala juu ya dungu shambani mazao yanapokaribia kukomaa, wakilinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe. Nguruwe huvuta simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi 308, na mikoa ya kusini ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Askari anayemvizia simba usiku juu ya dungu huweka bunduki kwenye mti wa ukingo. Tatizo ni kwamba dungu limefungwa kwa kamba: mwenzako akigeuka, shabaha nayo inageuka.

Baipodi ya chuma iliwafikia watu wengi wa Afrika Mashariki kupitia jeshi. Bunduki nyepesi ya rashasha aina ya Bren, iliyotumiwa na askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza, katika Vita Kuu ya Pili, ilisimama juu ya miguu miwili. Kwenye bunduki za kulenga kwa darubini ilienea baadaye, na leo majina ya Kimarekani kama Harris na Atlas ndiyo yanayotajwa zaidi na walengaji.

Katika michezo kanuni hutofautiana. Mashindano ya Olimpiki hayaruhusu baipodi, na anayelala chini hutumia mkanda tu. Mchezo wa F-Class, ulioanzia Kanada, unaruhusu viegemeo: katika kundi la F-TR bunduki pamoja na baipodi yake haipaswi kuzidi kilo 8.25, na katika F-Open, ambako mifuko na viegemeo vizito hukubaliwa, kikomo cha bunduki ni kilo 10.

Baipodi

Swali la kwanza ni urefu wa miguu, na jibu linatokana na ardhi atakayolalia mlengaji. Miguu ya sentimita 15 hadi 23 inatosha kwenye uwanja wa shabaha uliofyekwa. Mahali penye mteremko au mawe inahitajika mirefu zaidi, na kila inavyorefuka ndivyo inavyoyumba. Baada ya urefu, chunguza maungio. Kunjua miguu, shika bunduki isiyo na risasi, isukume mbele na nyuma: baipodi ikicheza kama meza ya mgahawa iliyolegea miguu, iache dukani. Iwe pia na uwezo wa kuinama kidogo kushoto na kulia, kwa sababu ardhi sawasawa ni ya kwenye picha.

Nyayo za mpira hufaa juu ya saruji na mwamba, za ncha hufaa kwenye udongo mgumu. Juu ya mchanga wa Ruvuma zote mbili huzama, na mguu mmoja huzama kuliko mwenzake. Dawa yake ni kipande cha ubao chini ya miguu yote miwili, au gunia lililokunjwa mara nne. Hata kwa nyayo za mpira, gunia hilohilo ni la lazima kwenye sakafu ya saruji, ambako miguu hudunda bunduki inapopiga teke, na risasi hupanda juu ya pale ulipolenga. Mlengaji mzoefu husukuma baipodi mbele kwa bega, kidogo tu na kwa nguvu ileile kila mara. Akisukuma leo na kesho akaacha, karatasi itamwambia.

Hewa ya bahari ni adui wa kimyakimya. Springi za baipodi ni za chuma cha pua kwa nadra, na pale chuma kinapokutana na aluminiamu chumvi hufanya kazi haraka. Ukitoka ufukwe wa Msimbati au Mikindani, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi, ikaushe, kisha ipake mafuta kidogo sana. Mafuta mengi hushika mchanga, na mchanga husaga maungio.

Mfuko wa mchanga

Kwa kurekebisha darubini, mfuko unashinda baipodi, tena kwa bei ya karibu na bure. Unahitaji miwili: mkubwa chini ya ubao wa mbele, mdogo chini ya kitako. Huu mdogo ndio wenye siri. Mkono usiofyatua unaukamata, ukiubana kitako kinapanda, ukiulegeza kinashuka, na alama ya darubini inatua shabahani bila bega kuhangaika. Kwa sababu hiyo usijazwe mpaka ukawa jiwe.

Mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa hutoa mfuko mzuri. Gunia la korosho pia hufaa kwa nje kwa kuwa nyuzi zake zinashika, lakini mchanga hupenya, kwa hiyo lishonewe kitambaa kizito ndani. Kiroba cha plastiki kinateleza. Mchanga wa ufukweni ni mweupe na unavutia, ila una chumvi inayovuta unyevu. Uoshwe kwa maji baridi na kuanikwa, au utumike mwekundu wa uwanda wa Makonde baada ya kuchekechwa. Kwa mfuko wa kubeba safarini, mchele ni mwepesi kuliko mchanga, na ukikwama porini unajua la kuufanyia.

Mtutu wenyewe usiegemezwe popote, si kwenye mfuko wala kwenye mti. Risasi inapopita mtutu hutetemeka, na kitu kigumu kikiugusa mtetemo hubadilika na risasi huhama. Huegemezwa ubao wa mbele. Kama ni shina la mti au kichuguu, weka kofia au kiganja katikati.

Fito tatu

Wawindaji bingwa wa Tanzania na wasaidizi wao hutembea na fito tatu zilizofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kila ufito unafika usawa wa macho ya atakayepiga. Ukanda hupitishwa juu na chini ya kila ufito, kama kiganja kimoja kutoka ncha za juu, usikazwe sana: fito lazima zipanuke kwa mkupuo mmoja bila kelele. Zikikunjwa huwa fimbo ya kutembelea. Urefu hubadilishwa kwa kupanua au kukusanya miguu, jambo linalochukua muda mfupi kuliko kubonyeza vifungo vya baipodi.

Mwanzi mkavu ni mwepesi na mnyoofu, mkole ni imara na haupasuki upesi. Mikoko ina fito zilizonyooka sana, lakini Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, haiko pale kutoa vifaa vya uwindaji, na kukata mikoko bila kibali ni kosa.

Nguvu ya fito ni urefu wake. Pori la kusini hupata msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na uwindaji wa kitalii unapofunguliwa tarehe 1 Julai nyasi nyingi bado hazijaungua. Aliyelala nyuma ya baipodi hapo anaangalia mabua. Udhaifu wa fito ni upepo: kusi likivuma wazi kando ya mto, mlengaji aliyesimama hutikiswa pamoja na kiegemeo chake, na ni heri akae chini na kuzipanua fito mpaka zimfikie. Ndani ya mtumbwi hakuna kiegemeo kinachosaidia, kwa sababu wimbi linapitia kwenye ubao hadi kwenye darubini. Boneti ya gari ni thabiti, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 imekataza kuwinda kutoka kwenye gari, na bunduki yenyewe hubebwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Kabla ya kuamini kiegemeo chochote, piga risasi 5 za mita 100 kwa kila kimoja, kila 5 kwenye karatasi yake. Makundi hayo hayatakaa mahali pamoja, na tofauti yake ndiyo ya kukumbuka siku ya kazi. Kwa mwenye kibali atakayetembea Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, huko Nanyumbu, mwezi Julai, baipodi ibaki kambini, achukue fito.