Mjumbe Asiyetajwa

Washairi wetu wa pwani wana desturi kongwe ya kusema na waraka. Malenga huikunja karatasi, akaiamuru iende, ikifika ibishe hodi, imsalimu mlengwa, wala isirudi bila ya jawabu. Mara nyingine husema na mjumbe, akamwonya asizembee njiani wala asifunue siri. Beti hizo ni tamu, nami nimezipenda tangu utotoni. Hata hivyo, ukubwani limenijia swali ambalo beti hazilijibu: mjumbe huyo alikuwa nani, na kazi yake aliisomea wapi?

Kwa barua za visiwani jawabu ni jepesi, kwani jahazi lilikuwapo. Barua za bara zilikwenda kwa miguu. Mchukuzi alivuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo, akaifuata njia ya misafara, akaikata mbuga ya Makata, kisha akaushika mto Mkondoa katika nchi ya Wasagara, ambayo leo imo katika wilaya ya Kilosa, kuelekea Mpwapwa, Ugogo na Unyanyembe. Wakati wa masika Makata si mbuga tena, ni ziwa la tope. Stanley alipita huko katika mvua za mwaka 1871. Wanyama wake wakafa na watu wake wakaugua. Yeye alikuwa na mali na wapagazi wengi. Mchukua barua alikuwa na miguu yake na bahasha iliyofungwa isipate maji.

Hakuna aliyempa cheti. Bila shaka alifuatana na aliyemtangulia, akajifunza mto unavukwa wapi baada ya mvua, ni kwa nani hulalwa, na ni neno gani humridhisha mwenye mji. Akikosea somo hilo, barua haikufika.

Na zilizochelewa zikamletea lawama. Mfuko wa barua za Livingstone ulitoka Unguja tarehe 1 Novemba 1870. Waliokabidhiwa wakakaa Bagamoyo kiasi cha miezi mitatu. Stanley aliukuta Kwihara, karibu na Tabora, akaufikisha Ujiji mwaka mzima tangu ulipotoka Unguja. Vitabu huwaita watu wale wazembe. Kwa Bagamoyo sina utetezi. Lakini huko mbele vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji, na sijui ni mwandishi gani kati ya wanaolaumu angalipita. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1873, Chuma alitangulia wenzake akaingia Unyanyembe na barua iliyoandikwa na Jacob Wainwright, yenye habari ya kifo cha bwana wao. Huyo tunamjua kwa jina. Nachelea kwamba tunamjua kwa sababu ya maiti waliyoichukua, si kwa sababu ya barua aliyoifikisha.

Posta ya serikali ilikuja kidogo kidogo. Unguja ilipata ofisi chini ya posta ya India mwaka 1868, ikafungwa upesi, ikafunguliwa tena 1875. Wajerumani walifungua zao Bagamoyo na Dar es Salaam mwaka 1890. Reli ilipofika Kilosa mwaka 1909, mfuko wa barua ukaanza kupita Makata juu ya chuma, na elimu ya vivuko ikapungua thamani. (Mkondoa haukusahau: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliibomoa reli hiyo hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi.)

Shule ilikuja baadaye mno. Mwaka 1948 posta ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo chake Mbagathi, Nairobi. Sasa kazi ya barua ilikuwa na darasa na mwalimu, na kijana angeweza kusema amehitimu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, chuo kikabaki Kenya, na Tanzania ikawa na shirika lake.

Lakini huyo mhitimu, akirudi, alifika wapi? Mfumo wetu ni wa sanduku la posta. Barua ya mtu wa Mabwerebwere, kata ya wilaya hii ya Kilosa, ilisimama mjini katika sanduku la shule, la misheni au la duka, na posta ikahesabu kwamba imefika. Mwendo wa mwisho, ambao kwa mtarishi wa zamani ndio uliokuwa kazi yenyewe, haukuwa na mwenyewe.

Siku hizi kila kata ina msimbo wa posta wa tarakimu tano, na mwaka 2022 nchi nzima iliingia katika operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba. Mlango wa Mabwerebwere unaweza kutajwa, jambo ambalo malenga wetu hakulihitaji, kwani yeye alimtaja mtu. Ila bahasha ikifika Kilosa, bado hutazamwa nani anakwenda upande ule: mwalimu aliyefuata mshahara, mama aliyeleta mahindi sokoni, au kijana wa bodaboda anayeulizwa tu, "Unapita Mabwerebwere?"