Mtungi wa Nili: Shauri la Watia Rangi wa Abeokuta

Leo twazungumza habari za nguo zifungwazo kwa uzi kisha zikachovywa rangi. Fuatana nami mpaka Abeokuta, mji wa Waegba katika nchi ya Wayoruba, kusini-magharibi ya Nijeria. Huko nguo hizo huitwa adire, maana yake "funga, chovya".

Hapo kale rangi yake ilipatikana kwa taabu. Wanawake walichuma majani ya mmea uitwao elu, wakayatwanga kinuni, wakayafanya madonge, wakayaanika. Kisha walichuja maji katika majivu ya kuni kwa mtungi wenye matundu. Madonge yaliloweshwa katika maji hayo makali siku kadhaa mpaka yakachacha. Nguo ikitolewa mtungini huwa ya kijani. Ikipigwa na hewa, yageuka buluu mbele ya macho yako. Ili rangi ikolee, huchovywa tena na tena.

Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani. Nili hiyo ilipofika Abeokuta, pamoja na soda kali iliyoshika nafasi ya majivu, kazi ya siku nyingi ikawa ya muda mfupi. Watu wengi zaidi wakaweza kuifanya. Lakini soda ikizidi, nguo hudhoofika. Na nguo ikichovywa kwa haraka, rangi huchujuka. Wanunuzi wakanung'unika. Tena biashara ilikuwa imekwisha kuharibika kwa ule mdororo ulioanza mwaka 1929.

Ndipo Alake, yaani mfalme wa Waegba, Ademola wa Pili, alipopiga marufuku nili ya kiwandani na soda kali. Je, wewe ungelikuwa mtia rangi, ungelifanyaje? Wanawake wale hawakukubali. Mwaka 1936 walipinga amri hiyo, wakaweka wakili, tume ya uchunguzi ikaundwa, na hatimaye marufuku ikaondolewa.

Basi tufikiri. Mfalme aliogopa kwamba jina jema la nguo za mji litapotea, na hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini riziki iliyotiwa katika mizani ilikuwa ya wanawake, na mikono iliyoujua mtungi ilikuwa yao. Soda ile haikuwa na hatia. Lililohitajika ni kipimo.

Hata leo, ukichanganya rangi nyumbani, kipimo ndicho fundi mkuu. Vaa glavu, tia soda katika maji baridi kidogo kidogo, wala usimimine maji juu ya soda, maana hutokota na kuruka.

Maswali ya kujadiliana: Kwa nini majivu yalihitajika? Nani apasaye kuamua namna kazi ya fundi itakavyofanywa?