Hali ya Hewa na Motokaa za Kwanza za Serengeti

Mnamo mwaka 1920 mwindaji mmoja Mmarekani alifika Seronera, katika mbuga za Serengeti, kwa motokaa ya Ford. Zama hizo petroli ilichukuliwa kwa madebe. Ikimwishia mtu nyikani, hapana wa kumwuzia. Kwa hiyo dereva alipaswa kuijua hewa kama aijuavyo njia.

Petroli haiungui pasipo hewa. Seronera ina kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Jua kali huizidishia wepesi. Kabureta iliyopimwa pwani humimina petroli kupita kiasi: injini hupungua nguvu, moshi mweusi hutoka. Ford ile ilikuwa na kipini cha kupunguzia petroli, na dereva hodari alikigeuza. Maji nayo huchemka huko kwa digrii 95 tu. Katika baridi ya asubuhi ya milima ya Tarime, petroli hukawia kugeuka mvuke, ikatumika zaidi. Masika, udongo mweusi hushika magurudumu, na petroli nyingi huishia mwendo mfupi.

Injini za leo hujipimia hewa zenyewe, lakini matope ni yale yale. Basi, msafiri, tazama mawingu kabla hujaondoka.