Studio ya nyumbani Birere: kitambaa gani cha kufunika mitego ya bas?

Kwenye chumba kidogo cha mbao, bas inajikusanya kwenye kona na kufunika sauti ya mwimbaji. Wimbi la hertzi 100 lina urefu wa karibu mita 3.4, kwa hiyo sponji nyembamba ya ukutani hailishiki. Inaombwa fremu ya mbao yenye sufu ya vioo ao sufu ya mawe, unene sentimita 10 ao zaidi, isimamishwe konani. Kisha inabakia kuchagua cha kuifunika.

Weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi ikipita bila shida, sauti nayo itapita. Kikwembe cha pamba kinafaa, ila kikiwa kipya na kigumu kifuliwe kwanza. Gunia la jute, lile la kahawa, linapitisha vizuri sana, lakini nyuzi za sufu zinatokea kwenye matundu yake, zinawasha ngozi na kukohoza watu. Tanguliza shuka nyepesi chini yake.

Na bashi? Hapa wengi wanakosea. Plastiki nyembamba haizuii bas; inarudisha sauti za juu tu. Kama chumba kimekuwa kizito, hakina uhai, plastiki hiyo chini ya kitambaa inaweza hata kusaidia.

Lakini kwa Birere, swali kubwa ni moto. Nyumba za mbao zimebanana, na moto ukianza kwa mmoja, jirani hana muda wa kutoa hata godoro. Kwa hiyo kata kipande cha kitambaa, toka nje, kishike kwa koleo, kiwashe. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Pamba inawaka. Sufu ya kondoo inashika polepole, na mara nyingi inajizima yenyewe. Ndiyo maana blanketi ya sufu ya caguwa, hata yenye rangi mbaya, inashinda kitambaa kipya kinachong'aa, mradi ipitishe pumzi.

Musi ya godoro isitumiwe kabisa: inawaka haraka, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi. Mitego yote ikae mbali na mbabula, mishumaa na waya za umeme zilizoungwa ovyo.

Mwenye kutumaini kwamba mitego itanyamazisha muziki kwa jirani atavunjika moyo. Inasafisha sauti ya ndani tu. Ukuta wa mbao utaendelea kuitoa nje.