Dalali, Ajenti, Broka: Nani Anaruhusiwa Kuuza Nyumba ya Mtu Aliyekwama?

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hakuna anayetarajia nitetee makaratasi. Lakini kuna moja naitetea leo: leseni ya mtu anayeuza nyumba ya mwenye deni.

Historia kidogo. Neno dalali lilitoka kwa Waarabu, na Pwani lilimaanisha tu mtu wa katikati: anamkutanisha muuzaji na mnunuzi, anapata chake. Leo ulitaje Nairobi uone. Watu wanawaza lori mlangoni na makochi yakibebwa.

Sheria ikaanza kugawanya hiyo kazi. 1984 Bunge lilipitisha sheria ya maajenti wa nyumba na mashamba: ukitaka kufanya uajenti, lazima usajiliwe na bodi. 1996 ikaja sheria ya madalali: anayeendesha mnada lazima awe na leseni kutoka bodi yao. Mthamini, yule anayesema nyumba ni ya bei gani, pia ana bodi yake.

Sasa deni lenyewe. Hadi 2012, mikopo ya baadhi ya hati za ardhi hapa Kenya ilikuwa bado inaongozwa na sheria ya India ya 1882. Ndiyo, India! Sheria mpya za ardhi za 2012 zikafagia hiyo. Siku hizi ukishindwa kulipa, benki inakupa notisi ya miezi 3, halafu nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye anakupa siku 45 za kukomboa mali yako. Mthamini lazima apime thamani kwanza. Na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa 25% au zaidi, sheria inachukulia kwamba benki haikutafuta bei nzuri, mpaka ithibitishe ilitafuta.

Poa sana. Lakini wengi hawangoji mnada. Mzazi anaona notisi, anaingiwa na aibu, anaamua kuuza mwenyewe kimyakimya kabla majirani hawajajua. Hapo ile 25% haimlindi, kwa sababu muuzaji si benki, ni yeye. Anayesimama kati yake na hasara ni ajenti pekee. Na mara nyingi huyo "ajenti" ni broka mwenye simu na tangazo: "Mwenyewe ana shida, bei ya kutupa!" Ushamwambia mnunuzi una shida, umebakisha nini cha kubargain?

Broka analipwa nyumba ikiuzwa. Iende kwa milioni 6 au milioni 9, yeye anataka tu iende haraka. Ajenti aliyesajiliwa pia anapenda pesa, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba akikuchezea, kuna bodi ya kumshtaki, na ana usajili anaoweza kupoteza. Broka akikuchezea, anabadilisha laini.

Digrii inasema ulisoma. Leseni inasema kuna mahali unaweza kuitwa ujieleze. Mimi naweza kuishi bila ile ya kwanza. Nyumba ya mamako haiwezi kuuzwa bila ya pili.

Kwa hivyo kabla hajasaini chochote, muulize huyo jamaa namba yake ya usajili, kisha uliza bodi kama wanamjua. Akikasirika kwa kuulizwa, ashakujibu.